Kiolezo Kipya, Hati za Kale: Kusahihisha Fomu katika Maktaba ya Pamoja ya Kompyuta

Tarehe 1 Aprili 2020, kiwango cha Kodi ya Ongezeko la Thamani nchini Kenya kilishushwa kutoka asilimia 16 hadi asilimia 14, ikiwa ni mojawapo ya hatua za kupunguza makali ya janga la UVIKO-19. Tarehe 1 Januari 2021 kiwango hicho kilirudishwa kuwa asilimia 16. Tanzania Bara nayo iliwahi kupitia badiliko la namna hiyo: kodi iliyoanza kutozwa mwaka 1998 kwa asilimia 20 ilipunguzwa kuwa asilimia 18 mwezi Julai 2009. Badiliko la kodi hutangazwa na Serikali, na sheria huliwekea siku ya kuanza kutumika. Lakini utekelezaji wake hufanyika mezani kwa karani, katika fomu ya ankara ambayo tarakimu zake hapana budi zibadilishwe kwa wakati.

Uzito wa jambo hili huonekana kwa hesabu ndogo. Ankara ya bidhaa za shilingi 100,000 hubeba kodi ya shilingi 16,000 kwa kiwango cha asilimia 16, na shilingi 14,000 kwa kiwango cha asilimia 14. Karani aliyetumia fomu ya zamani mwezi Aprili 2020 alimdai mteja shilingi 2,000 zisizostahili. Na yule aliyetumia fomu ya asilimia 14 mwezi Januari 2021 alipunguza shilingi 2,000 ambazo Serikali ilizihesabu kuwa zake. Ankara mia moja za namna hiyo ni shilingi 200,000. Kosa hilo halitokani na ujinga wa hesabu, bali na karatasi ya kale iliyojificha ndani ya kompyuta.

Wengi walitazamia kwamba kompyuta ingeifanya kazi hii kuwa nyepesi: fomu moja ingesahihishwa mahali pamoja, na watumishi wote wangeipata papo hapo. Mambo hayaendi hivyo daima. Msimamizi husahihisha fomu siku ya Ijumaa, akawaarifu wenzake. Jumatatu nusu ya ankara hutoka zikiwa na kiwango kipya, na nusu nyingine zikiwa na kile cha zamani. Aghalabu lawama huangukia mashine, kisha huwaangukia makarani. Makala haya yanaeleza ni kwa nini hali hiyo hutokea, na ni kwa njia gani mtu asiye fundi wa kompyuta anaweza kuligundua kosa lilipo na kuliondoa. Mfano unaotumika ni wa programu ya kuandikia ya Word pamoja na maktaba za mafaili za SharePoint, zote za kampuni ya Microsoft, kwa sababu zimeenea katika ofisi nyingi. Lakini kanuni zake ni zile zile hata kwa programu nyingine.

KIOLEZO NA KALIBU

Neno kiolezo latokana na kitenzi oleza, maana yake kufanya kitu kwa kufuata mfano. Mfyatuaji wa matofali ana kalibu yake ya mbao. Kalibu ikirekebishwa leo, tofali litakalofyatuliwa kesho ndilo litakalokuwa na umbo jipya. Matofali yaliyokwisha kukauka hayageuki. Hali kadhalika, karani wa zamani aliyepiga chapa juu ya stensili aliweza kulipaka kosa dawa na kuipiga herufi upya, lakini karatasi mia mbili zilizokwisha kupita katika mashine ya kurudufu zilibaki na kosa lile lile.

Kiolezo cha kompyuta kina tabia hiyo hiyo. Katika Word, kiolezo ni faili lenye kimalizio cha .dotx, na hati ya kawaida ina kimalizio cha .docx. Vimalizio hivi viliingia pamoja na toleo la mwaka 2007, na muundo wa ndani wa mafaili hayo ukakubaliwa kuwa kiwango cha kimataifa, ISO/IEC 29500, mwaka 2008. Mtumishi anapoanzisha hati mpya, programu hunakili maneno, majedwali, picha na mipangilio yote iliyomo katika kiolezo, ikaiweka katika hati hiyo. Tangu hapo hati huishi maisha yake yenyewe, kama tofali lililokwisha kutoka katika kalibu.

Kuna uzi mwembamba unaobaki. Hati hukumbuka jina la kiolezo chake na mahali kilipokuwa kimewekwa. Jambo hili laweza kuthibitishwa kwa macho, kwa kuwa faili la .docx kwa hakika ni mfuko wa mafaili madogo madogo yaliyofungashwa pamoja. Mtu akiichukua nakala ya hati na kubadili kimalizio chake kuwa .zip, ataweza kuufungua mfuko huo. Humo atakuta folda iitwayo word, na ndani yake mna faili la mipangilio linalotaja njia ya kukifikia kiolezo kilichounganishwa.

Uzi huo huwafanya watu waamini kwamba hati hufuata kiolezo chake kila kinapobadilishwa. Ukweli ni kwamba Word ina swichi inayoamuru mitindo ya hati isasishwe kila hati inapofunguliwa, na swichi hiyo, hata ikiwashwa, huhamisha mitindo peke yake: aina ya herufi, ukubwa wake, rangi yake, na nafasi baina ya aya. Maneno hayahamishwi. Majedwali hayahamishwi, wala nembo ya ofisi, wala anwani iliyo juu ya barua, wala maandishi yaliyo chini ya ukurasa. Ofisi iliyohama kutoka Dar es Salaam kwenda Dodoma baada ya mwaka 2016 iliweza kuwa na barua zenye herufi mpya nzuri na anwani ya zamani. Na kiwango cha kodi, kwa kuwa ni maneno na tarakimu, hakipiti katika uzi huo hata kidogo.

SAFARI YA NAKALA

Ikiwa hati mpya hunakiliwa kutoka katika kiolezo, basi swali la kuuliza ni hili: imenakiliwa kutoka katika kiolezo kipi? Katika ofisi yenye maktaba ya pamoja, kiolezo kimoja huwa na nakala nyingi zilizopangana njiani, tangu mkono wa msimamizi hadi meza ya karani. Badiliko laweza kukwama katika kituo chochote. Vituo vilivyo muhimu ni vitano.

Kituo cha kwanza ni pale kiolezo kinaposahihishwa. Mtu akibofya mara mbili faili la .dotx lililo katika folda ya kompyuta yake, Word haimfungulii kiolezo chenyewe. Humtengenezea hati mpya iliyonakiliwa kutoka humo. Yeye hubadili tarakimu, akahifadhi, na kazi yake ikawa faili jipya la .docx. Kiolezo hakikuguswa. Njia iliyo sahihi ni kuanzisha Word kwanza, kisha kukifungua kiolezo kwa amri ya kufungua, na kutazama jina lililo juu ya dirisha kabla ya kuandika lolote. Jina likiwa ni la hati isiyo na jina la kiolezo, mtu huyo yumo katika nakala.

Kituo cha pili ni maktaba yenyewe. SharePoint, iliyotolewa kwa mara ya kwanza mwaka 2001, ina utaratibu unaofanana na ule wa maktaba ya vitabu: faili laweza kuazimwa na mtu mmoja, na muda wote ambao halijarudishwa, wengine huona sura yake ya awali. Zaidi ya hayo, maktaba yaweza kupangwa ili itofautishe rasimu na toleo lililotolewa rasmi. Rasimu huhesabiwa kwa tarakimu kama 1.1 na 1.2, toleo rasmi huitwa 1.0 au 2.0. Katika mpango wa namna hiyo wasomaji wa kawaida huonyeshwa toleo rasmi la mwisho tu. Basi msimamizi aliyesahihisha kiolezo akasahau kukirudisha, au akakiacha katika hali ya rasimu, atakiona kipya kila siku, na atashangaa kwa nini wenzake wanasema hakijabadilika. Pande zote mbili zinasema kweli.

Kituo cha tatu ndicho kigumu kuliko vyote kueleweka, kwa kuwa hakionekani kwa macho. Tangu toleo la mwaka 2007, SharePoint huwezesha ofisi kuunda kile kinachoitwa aina ya maudhui: kwa mfano “Ankara”, “Mkataba” au “Barua ya Ajira”, na kila aina hupewa kiolezo chake. Aina hiyo huundwa katika ngazi ya juu, kisha huongezwa katika maktaba mbalimbali. Kila maktaba inapoipokea, hujitengenezea mtoto wa aina ile, aliyerithi kiolezo cha mzazi. Mzazi akibadilishwa, mfumo humwuliza msimamizi kama badiliko hilo lipelekwe kwa watoto wote. Akijibu la, au mtoto akiwa amewekewa kiolezo chake mwenyewe hapo awali, mzazi atakuwa mpya na watoto wataendelea kuwa wa kale. Ndiyo maana idara ya mauzo yaweza kupata ankara mpya, huku idara ya ghala, iliyo katika maktaba nyingine, ikipata ya zamani.

Katika kituo hicho hicho mna mtego mwingine. Kila maktaba ina mahali pa kutaja kiolezo chake cha kawaida katika mipangilio yake. Lakini maktaba ikiisha kuruhusiwa kutumia aina za maudhui, kiolezo hicho cha maktaba huachwa kando, na kile cha aina ya maudhui ndicho hutumika. Mtu aweza kukisahihisha kile cha kwanza kwa uangalifu mkubwa bila kuona matokeo yoyote, sawa na mtu anayetengeneza bomba ambalo maji hayapiti tena.

Kituo cha nne ni kompyuta ya karani. Ili kazi iende upesi, na ili watu waweze kufanya kazi hata mtandao ukikatika, kompyuta huweka nakala za mafaili ya maktaba katika ghala lake la karibu, na baadaye kuzilinganisha na zile za seva. Ulinganishaji ukisimama kwa sababu yoyote, nakala ya karibu hubaki nyuma. Kadhalika, Word ina folda ya violezo vya mtumiaji binafsi, na pia ina sehemu ya kutaja folda ya violezo vya kikundi. Folda hiyo ya kikundi ikiwa ingali inaelekezwa kwenye seva ya zamani, karani ataendelea kuchota kutoka kisima kilichokwisha kuachwa.

Kituo cha tano si cha mashine, bali ni cha desturi. Karani mwenye haraka hatafuti kiolezo. Hufungua ankara aliyoiandika mwezi uliopita, akafuta jina la mteja, akaandika jingine, na kuihifadhi kwa jina jipya. Kwa njia hii ankara moja ya mwezi Machi 2020 iliweza kuzaa ankara za Aprili, na za Aprili zikazaa za Mei, zote zikiwa na asilimia 16, bila kiolezo kuguswa na bila mashine kukosea. Hakuna sasisho lolote la kiolezo linaloweza kukiponya kituo hiki.

KULITAFUTA KOSA KWA UTARATIBU

Katika ofisi nyingi, tatizo kama hili linapojitokeza, watu hujaribu mambo mengi kwa wakati mmoja: kiolezo hupakiwa upya, kompyuta huzimwa na kuwashwa, jina la faili hubadilishwa, na mafaili ya muda hufutwa. Tatizo likiondoka, hakuna ajuaye ni hatua ipi iliyoliondoa. Na lisipoondoka, hali huwa imevurugika zaidi. Utaratibu wa kisayansi ni kinyume cha hayo. Hubadilishwa jambo moja tu, kisha matokeo hutazamwa na kuandikwa.

Chombo cha kwanza cha uchunguzi ni alama. Chini ya ukurasa wa kiolezo kilichosahihishwa huandikwa maneno mafupi, kwa mfano “Toleo la 7, 1-1-2021”. Kwa kuwa maneno hunakiliwa katika kila hati mpya na hayabadilishwi baadaye, alama hiyo hufanya kazi kama pete mguuni mwa ndege: kila hati itasema yenyewe imetoka katika kiolezo kipi. Bila alama, violezo viwili vinavyofanana kwa sura haviwezi kutofautishwa.

Kisha hufanywa jaribio. Hati mpya huanzishwa katika kompyuta ya msimamizi, katika kompyuta za makarani wawili wa maktaba ile ile, na katika kompyuta ya karani mmoja wa maktaba nyingine. Alama husomwa, na matokeo huonyesha kituo palipokwama:

1. Ikiwa hata msimamizi anapata alama ya zamani, basi badiliko halikuhifadhiwa katika kiolezo, au kiolezo kilichosahihishwa sicho kinachotumika. Tazama kituo cha kwanza, kisha ule mtego wa mipangilio ya maktaba.

2. Ikiwa msimamizi anapata alama mpya na wengine wote wanapata ya zamani, faili limeazimwa na halijarudishwa, au lingali rasimu.

3. Ikiwa maktaba moja inatoa alama mpya na nyingine ya zamani, urithi baina ya mzazi na mtoto umekatika.

4. Ikiwa ni karani mmoja tu anayepata ya zamani, kosa liko katika kompyuta yake: ulinganishaji umesimama, au anatumia kiolezo cha folda yake binafsi.

5. Ikiwa majaribio yote yanatoa alama mpya, na bado ankara za kale zinaendelea kutoka, basi kosa limo katika desturi ya kuandika juu ya hati za zamani.

Yafaa pia kukumbuka kwamba baadhi ya mabadiliko huhitaji muda. Kwa mfano, ofisi inapoiteua maktaba kuwa hazina ya violezo vya shirika zima, maelezo ya Microsoft yanasema huenda zikapita hadi saa 24 kabla haijaonekana katika programu za makarani. Mtu anayeanza kufumua mipangilio baada ya nusu saa hutengeneza kosa la pili kabla ya kujua kama lile la kwanza lilikuwapo.

HATI ZA ZAMANI ZISIGUSWE

Baadhi ya watu, wakiisha kuelewa kwamba hati haifuati kiolezo chake, huiona tabia hii kuwa upungufu wa programu. Lakini fikiria ingekuwaje kama hati zingefuata. Siku ya tarehe 1 Aprili 2020, ankara zote za Machi, za Februari, na za miaka iliyotangulia zingegeuka na kusema asilimia 14. Mkaguzi wa hesabu angekuta kodi iliyolipwa hailingani na ankara hata moja. Mikataba iliyotiwa sahihi ingepata vifungu ambavyo waliotia sahihi hawakuvisoma. Masijala isingekuwa tena mahali pa kumbukumbu.

Ankara ya Machi 2020 yenye asilimia 16 ilikuwa sahihi siku ile, na itakuwa sahihi daima. Kwa hiyo msimamizi hana haja ya kuzilazimisha hati za zamani zifanane na kiolezo kipya. Tatizo lililo lake ni moja tu: hati inayozaliwa leo isizaliwe ikiwa na umri wa mwaka jana.

WAJIBU WA OFISI

Kiwango cha kimataifa cha usimamizi wa ubora, ISO 9001, katika toleo lake la mwaka 2015, huzitaka taasisi zidhibiti mabadiliko ya nyaraka zao, pamoja na matoleo yake. Sharti hili halihitaji gharama kubwa. Linahitaji mambo machache yanayofanywa bila kukosa.

Kwanza, kila kiolezo kiwe na mwenyewe: mtu mmoja anayejulikana, mwenye ruhusa ya kukibadilisha, na mwingine wa kushika nafasi yake akiwa likizoni. Kiolezo kinachosahihishwa na kila mtu mwishowe hakisahihishwi na yeyote.

Pili, jina la faili lisibadilishwe kila mara. Majina kama “Ankara mpya”, “Ankara mpya 2” na “Ankara ya mwisho kabisa” huvunja njia inayokumbukwa na hati na mipangilio, na huacha nakala za kale zikielea. Jina liwe moja. Historia ya matoleo itunzwe na maktaba, ambayo imeundwa kwa kazi hiyo.

Tatu, nakala za kale ziondolewe mahali pa kazi na kuwekwa katika kumbukumbu, zikiwa zimeandikwa wazi kwamba hazitumiki tena.

Nne, kitu kinachobadilika mara kwa mara kisichanganywe na kile kisichobadilika. Ofisi inayotoa ankara nyingi yafaa itumie programu ya hesabu ambamo kiwango cha kodi kimeandikwa mahali pamoja tu, pamoja na tarehe yake ya kuanza, badala ya kukiandika kwa mkono katika violezo ishirini.

Tano, kiolezo kipya kiwe rahisi kufikiwa kuliko hati ya mwezi uliopita. Karani hatumii ankara ya zamani kwa ukaidi. Huitumia kwa sababu iko karibu. Kiolezo kikiwa katika kitufe cha kwanza anachokiona asubuhi, desturi itabadilika yenyewe, jambo ambalo waraka wa kukemea hauwezi kulitimiza.

Kodi zitabadilika tena, anwani zitahama, na sheria mpya zitaongeza vifungu katika mikataba. Ofisi iliyotia alama katika violezo vyake itajua siku ile ile ni meza ipi ingali ikitumia fomu ya jana. Isiyofanya hivyo itaambiwa na mteja aliyetozwa zaidi, au na mkaguzi.